Uwanja kwanza, kamera baadaye: Amandina Lihamba na waigizaji wa Karagwe

Katika filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill na kutoka mwaka 2001, yumo mwanamke aitwaye Samehe. Ni mgonjwa katika hospitali ya akili, na kwa muda mrefu hasemi na mtu. Daktari Asira, Mmarekani mweusi anayeigizwa na BarbaraO, amevuka bahari na elimu yake yote, anafika kwa mgonjwa huyu na kukuta mlango umefungwa. Anayemwigiza Samehe ni Amandina Lihamba. Kazi aliyopewa inazidi kulia na kupiga mayowe kwa ugumu, kwa sababu anatakiwa kumfanya mtazamaji amsikie mtu asiyesema. Hana maneno ya kumbeba. Ana uso, ana shingo, ana mikono, ana namna ya kukaa kitandani na namna ya kugeuza macho pale mtu anapomkaribia. Mtazamaji makini anatambua mapema kwamba ukimya ule una mtu ndani yake, na anaanza kumngoja mtu huyo atoke. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha ya kigeni. Ilipita miaka ishirini hivi ndipo ikapelekwa ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2022.

Uwezo wa kunyamaza namna ile mbele ya kamera ulitoka wapi? Haukutoka kwenye kamera. Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944, alikuwa na miaka mingi ya sanaa za maonyesho kabla ya kuwa Samehe. Alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi akawa profesa, akaandika tamthilia, akaongoza maonyesho, akaenda vijijini kuigiza na watu ambao hawakuwahi kuingia ukumbini. Shahada ya uzamivu aliichukua Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1985, kwa utafiti juu ya siasa na maonyesho nchini baada ya Azimio la Arusha. Mwaka huohuo ilitoka Harusi ya Mariamu, filamu fupi ya Mulvihill na Nangayoma Ng'oge kuhusu mgonjwa aliyekwama kati ya tiba ya hospitali na tiba ya mganga, naye Lihamba alikuwa miongoni mwa walioigiza. Kwa hiyo skrini haikumtengeneza. Skrini ilimkuta ameiva.

Hoja yangu ni kwamba mwigizaji hukomazwa na watu walio mbele yake, wanaocheka mahali ambapo hakutarajia, wanaoguna anapodanganya, na wanaoondoka anapowachosha. Kamera haigunii mtu. Humpokea mwigizaji jinsi alivyo, na akija mbichi humwonyesha mbichi. Kama hilo ni kweli, basi kijana wa Ndama, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, anayeamini kwamba uigizaji unaanzia Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao, ameelekezwa vibaya. Kinachomfanya mtu kuwa mwigizaji kipo pale alipo, na kimekuwepo tangu kabla ya sinema kubuniwa. Kinachokosekana ni watu wenye mamlaka ya kukitambua na kukipa nafasi.

Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa kitabu, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, ambacho kimefundishiwa wanafunzi wengi wa Kiswahili. Walitaja mambo manne yanayofanya tukio liwe sanaa ya maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Hawakutaja jengo. Hawakutaja pazia, taa, wala tiketi. Maana yake ni kwamba maskani ya sanaa hii ni popote ambapo mtu anatenda jambo lenye maana mbele ya wengine waliokuja kumwona akilitenda. Wanafunzi wengi hukariri mambo hayo manne kwa ajili ya mtihani na kuyasahau baada ya mtihani. Ila ukiyachukua kama kipimo, ukapita nacho vijiji vya Karagwe, kisha uvuke hadi Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, utayakuta yote manne kwenye ua wa harusi, kwenye sherehe ya kanisa, kwenye siku ya wazazi shuleni, na zaidi ya kote mahali ambapo bado kuna mpiga enanga.

Enanga ni ala ya nyuzi, mti uliochongwa ukawa kama sinia refu lenye kingo, na uzi mmoja ukapitishwa huku na huku kati ya ncha zake mbili hadi ukazaa nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi nayo, vidole vikitembea, na sauti yake ikisimulia. Anayesimulia si mmoja. Ni shujaa anapoondoka nyumbani, ni mama anapomsihi asiende, ni mtawala anapotoa amri, na katika habari za Mugasha, mungu wa ziwa, ni mungu huyo mwenyewe. Sauti hupanda na kushuka, mahali pa mashaka nyuzi zinatangulia na maneno yanachelewa, na wasikilizaji hawakai kimya: wanaitikia, wanasifu, wanamhimiza aendelee, na wasiporidhika naye hujua. Tendi kama Rukiza na Kachwenyanja ziliishi hivyo, kinywani mwa mtu na masikioni mwa watu. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, aliandika tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1986 juu ya tendi hizo za enanga za Wahaya, akionyesha kwamba mpigaji hatapiki maneno aliyoyakariri. Anazitunga upya kila anapoziimba, kulingana na hadhira aliyonayo usiku huo.

Kando ya enanga yapo majigambo, ambayo Mulokozi huyohuyo, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliyapa mahali pake panapostahili. Katika falme za upande huu shujaa alisimama mbele ya mtawala wake akajitaja mwenyewe, jina, ukoo, vita alivyopigana na alivyonusurika. Fikiria ugumu wa kazi hiyo pale Bweranyange, ikulu ya Rumanyika, Mkama (mfalme) wa Karagwe, ambako msafiri Mwingereza Speke alifikia mwaka 1861. Mtu mmoja, silaha mkononi, na mbele yake watu wanaojua ukweli wa kila vita anavyovitaja. Akizidisha wanamcheka. Akipunguza anajipunguzia heshima. Lazima apate kipimo chake papo hapo, machoni mwa waliomzunguka. Mwalimu yeyote wa uigizaji angefurahi kupata zoezi kama hilo kwa wanafunzi wake.

Kuna atakayesema kwamba huo ni usimulizi na kujisifu tu, na kwamba uigizaji ni kitu kingine. Pingamizi hilo si la leo, na lina watu wazito nyuma yake. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kama Waafrika walikuwa na utendi, na drama nayo alisita kuitambua kwa maana kamili iliyozoeleka Ulaya. Nakubali sehemu moja ya hoja hiyo. Mpiga enanga hachukui nafsi moja akaishi nayo saa mbili kama alivyofanya Lihamba na Samehe. Hupita katika nafsi nyingi, akizigusa na kuziacha. Kama uigizaji maana yake ni kuvaa mtu mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, yeye si mwigizaji. Lakini kwa nini tukubali maana hiyo finyu? Kinachompa mwigizaji uwezo ni kujua kuhama kutoka nafsi yake na kuingia ya mwingine, na kujua kama hadhira imehama pamoja naye. Mpiga enanga anafanya hilo mara kumi kwa usiku mmoja. Tofauti yake na mwigizaji wa filamu ni ya kipimo na matumizi, kama tofauti ya mkimbiaji wa mbio fupi na wa mbio ndefu, na wote ni wakimbiaji.

Lihamba mwenyewe alifanya kazi kwa imani kama hiyo, kwamba hadithi hupata uhai inapofika mbele ya watu wanaoitambua. Mwaka 1980 alitoa Hawala ya Fedha, tamthilia aliyoitohoa kutoka riwaya fupi ya Sembène Ousmane wa Senegal. Sembène alikuwa ameshaigeuza kuwa filamu, Mandabi, mwaka 1968, kwa sababu alijua kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawakuwa wakisoma Kifaransa. Mzee anatumiwa pesa na mpwa wake aliye Paris, anakwenda posta, anaambiwa alete kitambulisho. Hana. Kukipata anahitaji cheti cha kuzaliwa, cha kuzaliwa nacho kinataka kingine, na kila dirisha analofikia lina mtu wa kumla kidogo. Hapa hahitajiki mfafanuzi. Mtu yeyote wa Ndama aliyewahi kufuatilia karatasi ofisini, akaambiwa aje Jumatatu, ataucheka mkasa huo kwa uchungu, na mwigizaji atakayesimama mbele yake akiwa mzee yule atajifunza kwa kicheko hicho mambo ambayo hakuna mwongozaji angeweza kumfundisha. Kazi nyingine Lihamba aliziandika na wenzake, ikiwemo Harakati za Ukombozi ya mwaka 1982 pamoja na Muhando na Balisidya, na baadaye akawaandikia watoto Mkutano wa Pili wa Ndege, 1992. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuwahi kuutenganisha uandishi na utendaji.

Ushahidi mzito zaidi uko Malya. Kati ya mwaka 1982 na 1983, Lihamba, Penina Mlama, ambaye ndiye Muhando tuliyemtaja, na Eberhard Chambulikazi walikwenda katika kijiji hicho cha Kwimba, mkoani Mwanza, kufanya kile kilichoitwa sanaa ya maonyesho kwa maendeleo. Mlama ameieleza kazi hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1991. Waliotoka chuoni hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakawasikiliza wakitaja yaliyokuwa yakiwasumbua, na mojawapo ya yaliyojitokeza ni habari za vijana, na za wasichana waliopata mimba na kukatishwa masomo. Vijana wenyewe wakatunga, kwa ngoma zao na michezo yao, wakaigiza hadharani, kisha kijiji kikajadili kilichoonekana. Katika uwanja kama ule aliyeigiza baba mkali alikuwa akimtazama baba yake halisi kati ya watazamaji. Aliyeigiza msichana aliyefukuzwa alijua kwamba msichana wa namna hiyo yumo mle mle uwanjani. Kudanganya kungewezekanaje?

Lihamba alikuwa amejifunza mbele ya watu wa namna hiyo kabla hajawa Samehe, na kwa maoni yangu ndiyo sababu ukimya wake una uzito. Mwaka 1996 yeye na Mlama walianzisha Tuseme, mradi wa wasichana wa shule za sekondari kutaja matatizo yao wenyewe, kuyatungia mchezo, kuuonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, na kuyazungumza hadi kupatikana la kufanya. Baadaye Tuseme ilivuka mipaka ikafika shule za nchi nyingine za Afrika kupitia FAWE, shirika la kutetea elimu ya wanawake wa Afrika. Msichana aliyezoea kuambiwa anyamaze anapopewa nafasi ya kusimama na kuigiza kilichomnyamazisha, na mwalimu husika ameketi mstari wa mbele, hapo kuna tamthilia inayotisha kuliko nyingi zilizochapwa.

Pingamizi linalofuata ni zito kuliko la kwanza, na haifai kulipita haraka. Watu wa Kagera wameona maonyesho mengi ya maendeleo ambayo hayakuwa sanaa wala maendeleo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, na tangu hapo yamekuja makundi na makundi ya kuigiza ujumbe uliokwisha kuamuliwa mahali pengine. Mwovu anajulikana tangu anapoingia, mwema anajulikana kwa nguo zake, na mwisho mtu mmoja anasimama kutaja somo kwa sauti, kisha washiriki wanasaini posho na gari linaondoka. Mtu aliyeshuhudia michezo ya aina hiyo kwa miaka akisema kwamba jukwaa la kijijini limekufa, ana haki ya kusema hivyo.

Hata hivyo, kilichokufa pale ni utamaduni wa kuuliza, na jukwaa likabaki limesimama bila kazi yake. Tofauti ya Malya na michezo ile ni nani aliyechagua tatizo na nani aliyekuwa na ruhusa ya kutoa jibu lisilotarajiwa. Jibu likishaandikwa kwenye ripoti kabla ya mchezo kuanza, mwigizaji hana cha kutafuta. Atasema sentensi zake na kukaa chini. Ubaya wa michezo hiyo, kwa mtazamo wa mwigizaji, ni kwamba iliwafundisha vijana kuzungumza na watu bila kuwasikiliza, na mwigizaji asiyesikiliza hawezi kwenda mbali, awe uwanjani au kwenye filamu.

Yupo pia anayepima mambo kwa mkate na jina. Atasema: jukwaa halilipi, filamu ndiyo iliyowafanya waigizaji wetu wajulikane hadi Kongo na Burundi. Na atamtaja marehemu Steven Kanumba, kwa haki kabisa. Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, si katika jiji kubwa, akawa mwigizaji wa filamu aliyejulikana kuliko wote wa kizazi chake. Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 ilimkutanisha na wasanii wa Nigeria, akaanzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, umati uliofurika viwanja vya Leaders Club jijini Dar es Salaam ulionyesha wazi jinsi watu walivyompenda. Hakuna mwigizaji wa jukwaani nchini aliyewahi kuagwa namna ile. Hilo nalikubali bila kusita.

Ila tazama alikoanzia. Kabla ya filamu Kanumba alikuwa Kaole Sanaa Group, aliyojiunga nayo mwaka 2002, kundi lililowatoa pia Vincent Kigosi na Blandina Chagula, yaani Ray na Johari. Kundi ni watu wanaofanya mazoezi pamoja, wakubwa wakiwasahihisha wadogo, na kila mmoja akiwa mtazamaji wa mwenzake. Wakongwe wa vichekesho wanatoa ushahidi ulio wazi zaidi. Mzee Amri Athumani, King Majuto, aliyefariki tarehe 8 Agosti 2018, alianza jukwaani Tanga akiwa mtoto. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na baadaye filamu zilipofurika sokoni, zilimkuta na miongo ya kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio ili wacheke. Alijua kwa sekunde ngapi akae kimya kabla ya neno la kuchekesha. Ujuzi huo hakuupata kwenye chumba cha kurekodia, ambako mpiga picha anazuiwa kucheka asije akaharibu sauti. Hata yule aliyekuja kuzitafsiri filamu za kigeni kwa watazamaji wa vibanda vya video, Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alifaulu kwa sababu aliirudisha sauti ya mtu hai mbele ya skrini. Watu walikuwa na filamu, na bado walimtaka msimulizi.

Kuhusu mkate, jibu langu ni la upande mmoja tu: filamu nazo hazijawalisha wengi. Kanda na diski zilizokuwa zikibeba soko zimeshatoweka madukani, uharamia uliwala wasanii wakati wa uhai wa diski hizo, na sasa kijana anayepakia vipande vyake kwenye simu anashindana na dunia nzima kwa wakati mmoja. Simu yenyewe siilaumu. Kipande cha dakika moja kinaweza kumtambulisha mtu. Kinachonipa wasiwasi ni kijana anayeanza na kipande hicho na kukaa hapohapo, akijifunza kuvuta jicho kwa sekunde chache, asijue kamwe namna ya kumshikilia mtu saa nzima.

Atakuja mwingine na swali la haki kuliko yote: Lihamba alikuwa na mshahara wa chuo kikuu. Aliweza kwenda Malya kwa sababu taasisi ilimlipa na kumpa muda. Kijana wa Ndama anayelima kahawa na migomba pamoja na wazazi wake atatoa wapi muda huo? Swali hili linaipa hoja yangu nguvu zaidi. Linaonyesha kwamba mwigizaji hawezi kukua peke yake kwa kipaji tu. Nyuma yake lazima iwepo taasisi inayomtambua. Lihamba alikuwa na chuo. Wakongwe wa vichekesho walikuwa na vikundi vya maonyesho. Mpiga enanga wa zamani alikuwa na ikulu na wakubwa waliomkaribisha, wakamlisha. Karagwe na Kyerwa hazikosi taasisi. Zipo shule za sekondari, yapo makanisa na misikiti, upo ushirika wa wakulima wa kahawa, KDCU, ziko halmashauri mbili zenye maofisa utamaduni, na redio ya jamii inasikika kutoka Kayanga. Kila mojawapo huandaa hafla kwa mwaka, na katika kila hafla msanii huitwa kuchangamsha watu wakati mgeni rasmi anasubiriwa. Nafasi ya kuonekana hupewa, lakini muda wa kusikilizwa hapati.

Limebaki la lugha, nalo halihitaji mengi. Husemwa kwamba sanaa ya Kinyambo au Kihaya, lugha za huku, humfunga msanii mkoani. Saida Karoli alitoka Kagera hiihii akiimba Kihaya, na mwaka 2001 Chambua Kama Karanga ikasikika kila pembe ya nchi, ikapendwa na watu wasiojua neno moja la lugha hiyo. Aliyekomaa katika lugha yake huvuka na ukomavu wake. Maangamizi yenyewe inachanganya Kiswahili na Kiingereza, na mahali inapogusa zaidi Samehe hatumii yoyote kati ya lugha hizo.

Kwa hiyo neno langu nalipeleka kwa wakuu wa shule za Ndama na kata zote hadi Nkwenda na Murongo, na kwa maofisa utamaduni wa wilaya hizi mbili. Ombi langu halihitaji jengo wala fedha za mfadhili. Mahafali yajayo mtafuteni mpiga enanga aliyebaki katika kata yenu, muwaombe wanafunzi wakae naye majuma machache kabla ya siku hiyo, wajifunze anavyohama kutoka mtu mmoja hadi mwingine kwa sauti tu, kisha watunge mchezo wao juu ya jambo wanalolijua wao na si mlilowachagulia. Siku ikifika wapeni saa nzima. Mgeni rasmi aketi mapema, awatazame tangu mwanzo hadi mwisho, na hotuba yake ije baadaye.